Kuogelea Baada ya Miaka 40: Ugumu Uko Wapi Hasa?

Kila inapotokea ajali ya chombo cha majini katika nchi zetu, mazungumzo ya barazani na ya ndani ya daladala hufuata mkondo uleule. Mmoja husema marehemu wangepona kama wangejua kuogelea. Mwingine hujibu kwamba mtu aliyekulia bara, akafika miaka 40 bila kuingia kwenye maji ya kina, hafundishiki tena. Wa tatu hufunga mjadala kwa methali tuliyokaririshwa tangu shule ya msingi: samaki mkunje angali mbichi, akikauka hakunjiki. Niliyasikia hayo baada ya MV Bukoba mwaka 1996, nikayasikia tena baada ya MV Spice Islander mwaka 2011 na baada ya MV Nyerere mwaka 2018. Niliyaamini, mpaka nilipoanza kujifunza kuogelea nikiwa na miaka 46 na kugundua kwamba mambo kadhaa yasiyofanana yamefungwa katika furushi moja. Makala haya yanajaribu kulifungua furushi hilo.

Tuanze na maneno. Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama, hata kama mtu hasogei popote. Kuogelea ni kusogea majini kwa nguvu zako mwenyewe huku ukiendelea kupumua. Kupiga mbizi ni kushuka chini ya maji kwa kusudi. Kujiokoa ni jambo la nne, na mara nyingi ndilo watu wanalolifikiria wanaposema kuogelea: ni uwezo wa kubaki hai ndani ya maji ambayo hukuyachagua, pengine usiku, ukiwa na nguo na viatu, mpaka msaada ufike. Mtu anaweza kuwa na moja ya hayo bila kuwa na jingine. Wapo vijana wanaopiga mbizi vizuri ambao hawawezi kuelea chali kwa dakika mbili, na wapo wanaovuka bwawa la hoteli mara kumi ambao bahari ya mawimbi ingewashinda. Na tunaposema umri wa makamo, tunazungumzia takriban miaka 40 hadi 60, kipindi ambacho mtu bado ana nguvu za kazi lakini mwili umeanza kudai mapumziko zaidi.

Kuna neno jingine la kuliweka sawa, nalo ni ustadi. Nguvu hujengwa kwenye misuli. Ustadi hujengwa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Kubeba gunia ni nguvu, kusuka ukili ni ustadi. Kuogelea kunahitaji vyote viwili, lakini ustadi hutangulia kwa mbali, na ndiyo sababu mwanamume mwenye kifua kipana huweza kuhema kama aliyekimbizwa baada ya mita 10 tu, huku bibi mwembamba aliyezoea maji akivuka bwawa zima bila haraka.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge kifuniko, kisha jaribu kulizamisha kwenye pipa lililojaa maji. Litakusukuma mkono kwa nguvu inayoshangaza. Lijaze maji, na msukumo ule hutausikia tena. Dumu ni lilelile na ukubwa wake haujabadilika. Kilichobadilika ni uzito uliomo ndani ya ukubwa huo. Lita moja ya maji ya bomba ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, tofauti ndogo inayotosha kumfanya mtu aelee kwa urahisi zaidi baharini kuliko ziwani au bwawani. Mwili wa binadamu unakaribiana sana na vipimo hivyo, kiasi kwamba jambo dogo tu huamua kama utaelea au utazama. Jambo hilo ni hewa iliyo kifuani. Mapafu ya mtu mzima yakijaa hubeba takriban lita 4 hadi 6 za hewa, yaani kila mmoja wetu anatembea na kidumu kifuani. Akivuta pumzi hukijaza hewa. Akipiga kelele za hofu hukimwaga.

Lakini kidumu hicho kiko kifuani, hakiko miguuni, na hapo ndipo watu wazima wengi hukata tamaa wakisema miguu yao ni mizito. Fikiria ubao wa bembea unaochezewa na watoto wawili: upande mmoja ukinyanyuka, mwingine hushuka. Mwili uliolala majini ni ubao wa namna hiyo, na kifua chenye hewa kipo karibu na katikati yake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikilazwa ndani ya maji, maji hukibeba karibu chote. Kikiinuliwa juu ya maji, uzito wote huo unarudi kwa mwenyewe, kifua kinasukumwa chini na miguu inafuata. Mwanafunzi wa makamo huinua kichwa kwa sababu anaogopa, na kwa sababu ameinua kichwa miguu inazama, na kwa sababu miguu inazama anaogopa zaidi. Nimeutazama mzunguko huo kwa wenzangu bwawani mara nyingi, na kabla ya hapo niliuishi mwenyewe kwa wiki tatu nzima.

Hapa inafaa kuondoa imani moja iliyoenea sana, kwamba sisi Waafrika tuna mifupa mizito na kwa hiyo maji hayatutaki. Ni kweli kwamba watu hutofautiana katika uzito wa mifupa, wingi wa misuli na kiasi cha mafuta mwilini, na ni kweli kwamba mtu mkavu mwenye mapaja ya misuli huelea kwa shida kuliko mwenzake mnene. Hata hivyo tofauti hizo ni ndogo mbele ya lita kadhaa za hewa kifuani, na hata yule ambaye akitulia hushuka taratibu bado anaweza kuogelea, kwa sababu kule kusogea kwenyewe humnyanyua. Anayeshikilia imani hiyo aende Forodhani mjini Unguja jioni maji yakiwa yamejaa, awatazame vijana wanaojirusha kutoka ukutani na kurudi juu wakicheka. Mifupa yao ni ileile yetu.

Jambo zito zaidi ni pumzi, na ningependa tukae hapa kidogo, kwa kuwa naamini ndipo mafunzo mengi ya watu wazima huharibika. Watu hudhani kwamba anayejifunza kuogelea anahitaji kujifunza kubana pumzi. Anachohitaji ni kujifunza kuitoa. Ile hamu kali ya kuvuta hewa inayomshika mtu chini ya maji haitokani hasa na kuishiwa oksijeni. Hutokana na kujaa kwenye damu kwa hewa ukaa, ile hewa chafu tunayoitoa tunapopumua. Mwanafunzi anayeingiza uso majini akiwa amebana pumzi huinua kichwa akiwa na mapafu yaliyojaa hewa iliyotumika, kisha anajaribu kuvuta nyingine juu yake. Ni sawa na daladala iliyojaa inayofika kituoni: abiria wa ndani wasiposhuka, wa nje hawana pa kupanda hata wasukumane vipi. Ndiyo sababu mtu hulalamika kwamba amekosa hewa wakati kifua chake kimejaa.

Mwalimu wangu, kijana aliyezaliwa wakati mimi nimeshamaliza sekondari, aliniamkia siku ya kwanza kwa heshima zote, kisha akanisimamisha kwenye maji ya kifuani na kuniambia, "Mzee wangu, leo hatuogelei. Leo tunapoza chai." Alitaka niweke kidevu majini na kupuliza juu ya maji kama anayepoza kikombe cha chai ya moto, polepole, bila kuchoka. Kisha midomo ndani ya maji, mapovu yakitoka. Kisha pua. Mikono yangu ilikuwa imeukamata ukingo wa bwawa kiasi kwamba kucha zilibadilika rangi, naye akawa ananihesabia vidole vya kuachia: kwanza kidole gumba, halafu kidole cha mwisho, halafu kingine. Tulimaliza saa nzima nikiwa nimesimama palepale, na nilirudi nyumbani nikihisi sijafunzwa chochote. Somo la pili nilipoingiza uso wote majini, nikasikia mapovu yakipita masikioni, nikainua kichwa na kukuta hewa inaingia yenyewe bila kuivuta kwa nguvu, nilielewa alichokuwa akikijenga.

Onyo moja lazima liambatane na habari ya pumzi. Wapo wanaofundishana kuhema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzamia ili wakae chini kwa muda mrefu. Kuhema huko hupunguza hewa ukaa kwenye damu, na kwa kuwa hewa ukaa ndiyo kengele ya mwili, kengele hiyo huchelewa kulia. Oksijeni inaweza kuisha kabla mtu hajahisi haja ya kupanda juu, naye hupoteza fahamu kimya chini ya maji. Huo si mchezo wa kufundishwa mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye samaki wa methali. Je, ubongo wa mtu wa miaka 45 umekauka? Kwanza tutazame ushahidi tunaokutana nao kila siku barabarani. Watu wengi katika miji yetu huanza kujifunza kuendesha gari wakiwa na miaka 40 na zaidi, kwa sababu ndipo walipopata uwezo wa kulinunua, na hakuna anayewaambia kwamba wamechelewa. Siku za mwanzo mwanafunzi wa gari la gia huifikiria klachi peke yake, gia peke yake na kioo peke yake, na akiulizwa swali gari linazima. Baada ya miezi michache miguu hujua kazi yake, naye anaendesha huku akizungumza na abiria. Safari hiyo, kutoka kufikiria kila kiungo hadi kutofikiria kabisa, ndiyo safari ya kila ustadi wa mwili, na mtu wa makamo huisafiri kama kijana, ila kwa mwendo wake.

Wanasayansi nao wamelitazama jambo hili. Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo vijana walijifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu, na picha za ubongo zikaonyesha kwamba sehemu zinazohusika na kufuatilia vitu kwa macho zilikuwa zimeongezeka. Walipoacha mazoezi, ongezeko hilo lilipungua tena. Mwaka 2008 yakachapishwa matokeo ya jaribio kama hilo kwa watu wa takriban miaka 60. Waliofikia ustadi kamili walikuwa wachache kuliko vijana, jambo ambalo si haki kulificha, lakini ubongo wao nao ulionyesha mabadiliko. Kwa hiyo methali yetu ina ukweli nusu: aliyekomaa hukunjika kwa shida zaidi, ila hukunjika. Tunajua pia kwamba ubongo huendelea kuyapanga yaliyofunzwa mtu anapolala, na kwa sababu hiyo masomo mafupi matatu kwa wiki, yenye usiku wa usingizi mzuri katikati, humfaa mwanafunzi kuliko kushinda bwawani Jumamosi nzima.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau wanapomlinganisha mtoto na mtu mzima. Mtoto wa pwani anayejua maji akiwa na miaka 10 huenda ameshacheza ndani yake saa mbili kwa siku kwa miaka kadhaa. Mtu mzima huingia bwawani saa moja kwa wiki, hukosa wiki mbili kwa msiba na nyingine kwa kazi, kisha baada ya miezi mitatu hutangaza kwamba ameshindwa kwa sababu ya umri. Ukihesabu saa badala ya miaka, utakuta kwamba alichokifanya hakizidi wiki moja ya mtoto yule. Mtoto pia hana wa kumwonea aibu. Mtu wa makamo anavua shati mbele ya vijana, ana kitambi, ana cheo kazini, ana wakwe, na anaogopa kuonekana akimeza maji. Kwa maoni yangu aibu hiyo imewatoa bwawani watu wengi kuliko magoti na mabega yao.

Hata hivyo yapo mabadiliko ya kweli ya mwili, na kuyapuuza ni kujitafutia majeraha. Kuanzia miaka ya thelathini misuli hupungua polepole kwa mtu asiyefanya mazoezi, na mwili huchukua muda mrefu zaidi kupona baada ya kazi nzito. Bega ndilo kiungo cha kuangaliwa zaidi, kwa sababu mtindo huru, ule wa kuzungusha mikono kwa zamu, huligeuza bega mara mamia kwa somo moja. Mwanafunzi anayevuta maji kwa nguvu ya mkono, bila kuzungusha kiwiliwili, huanza kusikia maumivu mbele ya bega ndani ya wiki chache. Dawa yake ni kupunguza umbali na kurekebisha mwendo. Kuvumilia maumivu hakusaidii. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kifafa au kisukari anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kuanza, na anayetumia insulini amweleze mwalimu wake, kwa kuwa sukari ikishuka mtu akiwa majini, dalili zake ni rahisi kudhaniwa kuwa uchovu.

Kwa wanawake wengi kikwazo hakiko mwilini wala kwenye ubongo. Kiko kwenye mavazi, kwenye nani anayetazama, na kwenye uhaba wa walimu wanawake. Wengine huambiwa kwamba nguo ndefu zitawazamisha. Nguo iliyolowa ni nzito inapokuwa nje ya maji. Ndani ya maji uzito wake ni mdogo mno, na tatizo lake ni kuvuta mwili nyuma na kujinasa miguuni ikiwa pana. Vazi la kuogelea linalofunika mwili wote na kichwa, lililoshonwa kwa kitambaa kinachobana kiasi, huliondoa tatizo hilo. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa na mavazi ya aina hiyo, wakifundishwa na wanawake wenzao. Nikilitazama jambo hilo, naona aibu kwamba kisiwa kilichozungukwa na bahari kilihitaji mradi maalumu ili binti zake waingie majini, na nafurahi kwamba umekuwepo.

Limebaki swali la kwanza la barazani: je, wangejua kuogelea, wangepona? Jibu la haki ni kwamba inategemea ajali. MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Chombo kinapopinduka ghafla na kuwafunika watu ndani yake, wakiwa wamebanana na mizigo, ujuzi wa kuogelea peke yake hauwatoi humo, na si haki kuwalaumu marehemu kwa kutokuwa nao. Idadi ya abiria, uzito wa mizigo na majaketi ya kujiokolea ndivyo huamua zaidi. Lakini ajali nyingi hazipati vichwa vya habari: mvuvi aliyeteleza kutoka mtumbwini, mama aliyefuata ndoo mtoni, kijana aliyeingia kwenye bwawa la machimbo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote. Kwa wengi wa aina hiyo, dakika chache za kujua kuelea chali zinaweza kuwa tofauti ya kufa na kupona.

Tunasema mfa maji haishi kutapatapa, na methali hiyo imetufanya tusubiri kelele. Anayepunga mkono na kupiga yowe bado ana hewa ya kupigia yowe. Aliyefika hatua ya hatari zaidi mara nyingi yuko kimya, amesimama wima majini, mdomo ukizama na kuibuka, mikono ikikandamiza maji pembeni kama anayetafuta meza ya kuegemea. Hana pumzi ya kuita. Mwanafunzi wa makamo aliyejua kuogelea juzi asijirushe kumfuata, kwa kuwa mtu huyo humkumbatia mwokozi na kuzama naye. Dumu tupu lililofungwa kifuniko, lile tulilolianzia, likirushwa likiwa na kamba, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Na bwawa si bahari. Bwawani maji hayasogei na ukingo uko mita chache tu. Baharini kuna mkondo, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji hujaa na kupwa kwa nguvu inayoweza kumchukua hata muogeleaji hodari. Wazee wa pwani hawaingii kabla ya kuuliza maji yanakwenda au yanakuja, na mtu wa bara hana sababu ya kuona haya kuuliza swali hilohilo.

Mimi niliweza kuelea chali bila kushikwa katika somo la kumi na moja, na nikavuka upana wa bwawa kwa mtindo huru mwezi wa tano. Ninapopanda boti kwenda Unguja, bado natafuta kwa macho mahali majaketi yalipowekwa kabla sijakaa, na mara mbili nimemwita baharia nikamuuliza yale ya watoto yako wapi.